Tarakimu Sitini za Utende

Jumapili ya tarehe 24 Novemba 2024, mita za umeme wa kulipia kabla zilifika mwisho wa hesabu yao ya wakati. Jambo hili halikuwa la Tanzania peke yake. Kenya, Uganda, Afrika Kusini na nchi nyingine nyingi hutumia mita zinazofuata kiwango kimoja, STS, kilichozaliwa Afrika Kusini, na zote zilikuwa na tarehe ileile ya ukomo. Kwetu mita hizo ndizo LUKU. Mita ambayo haikubadilishwa mapema haikuzimika siku ile. Iliendelea kula uniti zilizobaki, na zilipoisha ikakataa kila tokeni mpya.

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Kila tokeni imebeba ndani yake dakika iliyotolewa, ikihesabiwa tangu Januari 1, 1993. Kwa dakika hiyo mita huitambua tokeni iliyokwisha kutumika, ili mtu asiingize namba zilezile mara mbili. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216, yaani miaka 31 na karibu miezi 11. Zikijaa, hesabu inarudi sifuri, na tokeni iliyonunuliwa leo inaonekana kuwa ya zamani.

Huyu ni ndugu wa tatizo la mwaka 2000, pale programu zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili zilipokuwa hatarini kuusoma mwaka 2000 kama 1900. Wako wanaosema kwamba lile lilikuwa kelele tupu, kwa kuwa ndege hazikuanguka. Sikubaliani nao. Lilipita salama kwa sababu watu walilifanyia kazi miaka kadhaa kabla, na palipoachwa ufa madhara yalionekana. Sheffield, Uingereza, kompyuta ya hospitali ya Northern General ilikosea umri wa wajawazito, na wanawake zaidi ya 150 wakapewa majibu yasiyo sahihi kuhusu uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down.

Utende ya mwaka 1999 haikuwa na cha kuogopa. Kijiji hiki cha kisiwani Mafia, kinachotazamana na kisiwa cha Chole, kilomita kama 15 kutoka Kilindoni, mji mkuu wa wilaya, kilikuwa na makao ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini, na nyumba chache za wageni. Kazi ya baharini ilifuata kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, na hakuna kompyuta iliyoweza kuizuia mashua kutoka. Robo karne baadaye, tarehe zilizofichwa ndani ya mashine ziko ukutani mwa kila nyumba yenye umeme. Friza ya samaki inategemea LUKU. Kompresa inayojaza mitungi ya wazamiaji inategemea umeme, boti zinazowapeleka kwenye matumbawe zinaongozwa na GPS, mgeni anapewa risiti ya mashine ya EFD, na pesa za mama lishe ziko ndani ya simu. Hatari iliyokuwa ya ofisi kubwa za Dar es Salaam imehamia kwa muuza pweza.

Nianze na sifa, kwa kuwa mpango wa TANESCO, shirika letu la umeme, wa kubadilisha mita za LUKU ulistahili sifa. Shirika halikuamua kumpeleka fundi kwenye kila mlango nchini. Lingeanza lini na lingemaliza lini? Liliifunga kazi hiyo kwenye tendo ambalo mteja hulifanya kila mara. Ukinunua umeme katika kipindi cha zoezi, ujumbe ulikuja na makundi matatu ya tarakimu 20. Makundi mawili ya kwanza yaliibadilishia mita ufunguo na kuianzishia hesabu mpya, la tatu likawa umeme wenyewe. Tarakimu sitini kwa mpangilio, na kazi imekwisha. Mradi wa kitaifa wa kompyuta ulikamilishwa kwa kidole cha mteja.

Nchi hii ina kumbukumbu ya miradi ya kompyuta iliyofanywa kinyume cha hivyo. Hazina ilifungiwa mashine miaka ya 1960 ili zibebe hesabu za Serikali, kazi ikaenda vibaya, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine zilikuwapo, kilichopungua ni watu waliotayarishwa kuzitumia. Mwaka 2024 mpango ulianzia kwa mtu.

Lakini mtu huyo ni nani hasa, Utende? Karatasi inasema ni mteja, na mteja wa kwenye karatasi ni mtu mmoja anayenunua umeme, anayepokea ujumbe na anayesimama mbele ya mita. Kijijini kazi hizo tatu mara nyingi ziko kwa watu watatu. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam na ndiye anayenunua kwa simu yake. Namba anamtumia kijana anayeangalia nyumba, naye kijana anamsomea fundi au mpangaji aliyesimama kwenye mita. Kwa tarakimu ishirini za kawaida mnyororo huo unafanya kazi. Kwa sitini zinazodai mpangilio, kosa linaweza kutokea kwenye kila pingili: kundi la mwisho kutangulizwa, ujumbe kunakiliwa nusu, au mtu kudhani ametumiwa tokeni tatu za umeme na kuziweka mbili akiba. Na mita ikikataa, anayelaumiwa ni kijana, ambaye hakuelezwa lolote.

Kisha kuna wasionunua. Mpango uliomngoja mteja anunue haukuweza kumfikia asiyenunua, na watu wa namna hiyo hawakosekani Utende. Biashara ya wageni ina majira yake. Masika yakiingia hoteli nyingi hufunga na wafanyakazi hurudi makwao. Kuna nyumba zinazojengwa kidogo kidogo, umeme umeshafungwa lakini hakuna anayeishi. Kuna aliyenunua uniti nyingi kwa mkupuo mmoja, akakaa miezi bila kuingiza namba. Huyu wa mwisho ndiye aliyestahili tahadhari kubwa zaidi, maana ni mfanyabiashara makini kwa kila kipimo, na akiba yake ndiyo iliyomficha tatizo.

Tazama kalenda ya bahari upate picha kamili. Tarehe 24 Novemba 2024 mwezi ulikuwa nusu, maji yakiwa mafu. Mwezi mpya ulikuwa Desemba 1, na bamvua lake ndilo linalofungua miamba kwa wachokoaji wa pweza. Basi friza yenye mita isiyobadilishwa, ikiwa na uniti za wiki moja, ingepita siku ya ukomo salama kabisa, mwenyewe akisema hakuna kitu, kisha ikafa pweza walipokuwa wanaingia kwa wingi. Na ofisi ya kukimbilia iko Kilindoni. Tangazo la redio linalosema tu "kabla ya Novemba 24" halimwambii mwenye friza jambo hili. Aliyeweza kumwambia ni mtu anayeyajua maji ya hapo: kamati ya mazingira ya bahari, mwenyekiti wa kijiji, wanunuzi wa samaki.

Afrika Kusini, nyumbani kwa kiwango chenyewe, ilipata shida kubwa kuliko sisi. Eskom, shirika lao la umeme, ilikuwa na mita karibu milioni 7, na siku ilipofika zaidi ya milioni moja zilikuwa bado. Nyingi zilikuwa za watu ambao hawakuwa wakinunua umeme kihalali, hivyo mpango wa tokeni haukuwa na mlango wa kuwafikia. Sababu zao si zetu, lakini ufa ulikuwa uleule: mradi unaopita kwenye ununuzi humwacha nje asiyenunua.

Mwenye biashara Utende, iwe hoteli ya ufukweni au kibanda cha chipsi, anahitaji orodha ya mita na mashine zake kwenye daftari moja: namba ya mita, jina lililosajiliwa, simu inayopokea ujumbe, na nani anashika nafasi mwenyewe akisafiri. Mita nyingi bado zina majina ya wamiliki wa zamani, na hilo hugunduliwa siku ya matatizo. Kwa TANESCO na halmashauri ya Mafia ombi langu ni jingine: zoezi kama hili likija tena, mwezi mmoja kabla ya mwisho kijiji kipewe orodha ya mita ambazo bado, mtaa kwa mtaa. Kijiji kinajua nyumba ipi imefungwa na mlinzi wake anakaa wapi.

Kwa sababu litakuja tena. Tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa zetu, mashine zinazohesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa mtindo wa zamani wa biti 32 zitajaa. Novemba mwaka huohuo hesabu ya wiki za GPS itarudi sifuri, kama ilivyofanya Aprili 2019. Mita za LUKU zilizobadilishwa, ambazo sasa zinahesabu kuanzia 2014, zitafika ukomo tena Novemba 2045. Kifaa cha GPS cha boti au mashine ya sola inayonunuliwa mwaka huu inaweza kuwa bado kazini mwaka 2038. Kwa hiyo, ndugu mwenye boti na ndugu mwenye hoteli, muulize muuzaji kabla hujalipa: kifaa hiki kitafanya nini tarehe hizo? Jibu lake aliandike kwenye mkataba.