Hoteli Isiyojua Jua Latoka Upande Gani

Nyumba za wageni zimechipuka Kitengela kama uyoga baada ya mvua. Ifuate barabara ya Namanga kutoka Athi River, utaziona kulia na kushoto, ghorofa nne, ghorofa tano, zimevikwa vioo vya buluu toka chini hadi juu. Mpita njia husema, "Hayo ndiyo maendeleo!" Mimi niliyelelewa katika nyumba za mawe na chokaa hutazama kwanza vioo hivyo vimeelekea wapi. Aghalabu vimeelekea barabarani, ili jina lisomeke. Na kwa kuwa barabara yenyewe yashika kusini, hoteli za upande mmoja hupokea jua la asubuhi usoni, na za upande wa pili hupokea la alasiri, lile kali.

Hapo ndipo bili ya stima inapoanzia, ndugu msomaji, kabla ya mgeni wa kwanza kuweka mkoba wake chini. Chumba kimegeuzwa tanuri, basi huletwa feni. Feni ikishindwa, huletwa kiyoyozi. Usiku ukiingia, vioo vile vile vilivyoingiza joto hulitoa nje, na mgeni huomba blanketi la pili. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Julai humtafuna mtu wa pwani hadi kwenye mifupa.

Mababu wa Lamu hawakuwa na kiyoyozi. Walijenga kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita au zaidi, vyumba vyembamba kwa kadiri ya urefu wa boriti, kiwanda cha kupitishia hewa, na vichochoro ambamo nyumba hutiliana kivuli. Mwaka 2001 mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni huja kuupiga picha. Wanaouliza kwa nini mchana mle ndani kuna ubaridi ni wachache, na hata sisi wenyewe tumeanza kusahau, maana hoteli mpya za Mombasa nazo zajengwa kwa vioo vivyo hivyo.

Walakini nisifahamike vibaya. Simwambii tajiri wa Kajiado ajenge nyumba ya Lamu. Sisi twataka kaskazi na kusi zipite ndani; yeye ataka ukuta unaokunywa joto la mchana na kulirudisha polepole hadi alfajiri. Mwalimu wake yuko karibu. Kwa Wamaasai wajenzi wa nyumba ni wanawake, na enkaji wanayoijenga ni fupi, ya fito, udongo na samadi ya ng'ombe, yenye tundu dogo la hewa, na baridi ya usiku haipati njia. Badala yake, nimeona hoteli iliyosafirisha makuti kutoka kwetu ikaezekea ukumbi wa vinywaji (ambao si wangu kuusemea), na vyumba vya kulala vikaachwa chini ya mabati matupu, bila dari ya maana.

Tuje kwenye maji ya moto, maana humo ndimo fedha nyingi humwagika. Ile shawa ya kuchemsha papo kwa papo hula kama kilowati 5. Wageni ishirini wakioga kwa wakati mmoja alfajiri, hizo ni kilowati 100. Kuchemsha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kwahitaji uniti 4.7 hivi, uchemshe kwa chombo chochote utakacho. Jua la Kajiado, kwa siku njema, laweza kutoa karibu kiasi hicho kwa paneli ya mita mbili za mraba iliyowekwa juu ya paa. Serikali ilitoa kanuni mwaka 2012 zikiyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge mitambo ya jua. Wengine huona kuni ni nafuu; migunga ya nyika ile ndiyo hulipa tofauti.

Katika nyumba moja niliyolala, jina lake halitatufaa kitu, tangi lilikuwa mbali na bafu hata nikafungua bomba na kungoja, maji baridi yakienda zake shimoni. Nilikuwa nataka kutawadha tu. Mtume wetu (S.A.W.) alitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki lita, mimi nilikwisha kumwaga ndoo. Na maji ya Kitengela hayatoki mtoni. Huvutwa kisimani kwa pampu ya stima au huletwa na malori, kwa hiyo ndoo ile ililipiwa mara mbili.

Ajabu ni kwamba Kajiado yenyewe huzaa umeme. Vilima vya Ngong vina mitambo ya upepo ya megawati 25.5, na Kipeto, yenye mitambo 60 na megawati 100, ilianza kuuza umeme mwaka 2021. Upepo wavunwa kwenye malisho ya ng'ombe, wapitishwa kwenye nyaya, kisha watumiwa kupoza chumba ambacho dirisha mbili zinazotazamana zingekipoza bure.

Mjini Kajiado nilipita penye nyumba ya wageni inayojengwa. Ubavu wake mrefu wote umeelekea magharibi, na nilihesabu matundu kumi na manane ya madirisha, hayana hata kibaraza cha kuyatilia kivuli. Nikamuuliza fundi kama hayawezi kupunguzwa, angalau yatiwe mbao.

"Mzee, ramani imetoka Nairobi ikiwa hivyo," akanijibu, akiendelea kuchanganya simenti. "Vioo vyaja wiki ijayo."