Kongamano kama Chombo cha Maamuzi: Mkutano wa Bermuda na Data za Jenomu

Makongamano ya biolojia hutimiza majukumu matatu: kutangaza matokeo kabla hayajachapishwa, kuyapima kwa maswali ya wataalamu, na kuafikiana kuhusu taratibu za kazi ya pamoja. Jukumu la tatu ndilo husahaulika zaidi, ilhali ndilo lenye uzito kwa watunga sera.

Mkutano uliofanyika Bermuda mwezi Februari 1996 ni kielelezo chake. Kazi ya kusoma jenomu ya binadamu ilikuwa imegawanywa miongoni mwa maabara za nchi mbalimbali, na haikuwa wazi ni nani angemiliki mfuatano wa DNA uliokuwa ukisomwa. Wellcome Trust iliwakutanisha wakuu wa maabara na wafadhili wao. Chini ya uongozi wa John Sulston na Robert Waterston, waliafikiana kwamba kila kipande kinachozidi besi 1,000 kiwekwe hadharani, ikiwezekana ndani ya saa 24, bila kusubiri uchapishaji wala hataza.

Nguvu ya mwafaka huo haikutokana na sheria, bali na muundo wa mkutano wenyewe. Waliozalisha data na waliogharimia kazi waliketi pamoja. Hivyo wafadhili waliweza kuyafanya makubaliano kuwa sharti la ruzuku. Aidha, mikutano mingine ilifuata Bermuda mwaka 1997 na 1998.

Kwa hiyo, ufanisi wa kongamano haupimwi kwa wingi wa mada zilizowasilishwa. Hupimwa kwa kuangalia nani amealikwa, ana mamlaka gani ya kutekeleza, na lini atarudi kutoa hesabu.