Tuseme Mapema
Neno: Mithali 31:8-9

Mfalme Lemueli aliagizwa na mamaye awasemee wasioweza kujitetea. Sisi wa Tarasaa, tunaolima na kunywa maji ya Mto Tana, tulitie agizo hilo moyoni.

Huko Mombasa, katika mtaa wa maskini wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007. Moshi na maji yake yakafika majumbani, watoto wakakutwa na sumu ya risasi katika damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wenyeji walishtaki, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Hukumu ilitenguliwa katika rufani mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha mwaka 2024.

Walisimama juu ya nini? Juu ya sheria. Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 chamruhusu yeyote kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba mtu amekwisha kudhurika. Tena Sheria ya Mazingira ya 1999 yataka madhara ya miradi mikubwa yapimwe kabla ya kuanza.

Basi tusingoje mtoto augue. Tukiitwa barazani juu ya mradi, twende, tuulize: maji machafu yatakwenda wapi?

Tuombe: Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusema mapema kwa ajili ya wanyonge. Amina.