Fahamu: Sauti za siri za kujiboresha, na hofu inayotusukuma

Ni nini?
Ni rekodi zenye maneno kama "ninajiamini", yaliyofichwa chini ya muziki au mlio wa mvua hata sikio lisiyatambue.

Zinafanya kazi?
Mwaka 1991, Anthony Greenwald na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo baadhi ya kanda za aina hii zilibadilishwa lebo kwa siri. Baadhi ya waliosoma "kumbukumbu" kwenye lebo waliamini kumbukumbu yao imeimarika, ingawa kanda ilikuwa ya kujithamini. Vipimo havikuonyesha kuwa maneno yenyewe yalifanya kazi.

Na wasiwasi ukiisha, kwa kanda au kwa njia nyingine?
Aliyezoea kusoma usiku wa kuamkia mtihani, moyo ukimdunda, akitulia anaweza kujiona mvivu. Huenda si uvivu: hofu iliyokuwa ikimsukuma imeondoka. Jipangie saa ya kuanza, hata kwa dakika 10. Na kama unatumia dawa za wasiwasi, usiziache kwa sababu ya kanda.