Papa Waliochana Nyavu

Chukua Pemba yote, kuanzia Konde hadi Mkoani. Sensa ya 2022 ilihesabu huko watu 540,000 na ushee. Sasa iundie timu, ipeleke Kombe la Dunia. Cape Verde imefanya hivyo hivyo, tena ikiwa na watu pungufu kidogo ya hapo: takriban 525,000, juu ya visiwa 10 vya volkano katika Atlantiki, magharibi ya Senegal. Kimoja kati ya hivyo 10 hakikaliwi kabisa. Timu yao inaitwa Papa wa Bluu, na rekodi zake ni hizi.

1. Nchi ndogo kuliko zote kutoka Afrika kufuzu Kombe la Dunia

Tarehe 13 Oktoba 2025 Papa waliichapa Eswatini 3-0 jijini Praia, mji mkuu wao. Hadi mapumziko hakuna aliyekuwa amefunga. Dakika ya 48 Dailon Livramento akafungua mlango, Willy Semedo akaongeza la pili muda mfupi baadaye, na Stopira akapigilia msumari kwenye dakika za nyongeza. Mechi 10, ushindi 7, sare 2, kipigo 1, pointi 23. Cameroon, vigogo wa kundi, wakabaki nyuma kwa pointi 4.

Cape Verde ikawa nchi ya 14 ya Afrika kufuzu. Ukijumlisha Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi unapata karibu watu milioni 200. Idadi ya fainali za Kombe la Dunia walizofuzu wote kwa pamoja: sifuri.

2. Rekodi iliyoishi muda mfupi kuliko zote

Cape Verde ina kilomita za mraba 4,033. Unguja na Pemba zote zinaingia humo na nafasi inabaki. Bado, siku ile ya Oktoba ilikuwa nchi yenye eneo dogo kuliko zote katika historia ya Kombe la Dunia, ikiipiku Trinidad na Tobago ya 2006 yenye kilomita za mraba 5,128. Kwa idadi ya watu, ni Iceland pekee iliyokuwa chini yake.

Raha hiyo ilidumu siku 36. Tarehe 18 Novemba, Curaçao wakatoka sare ya 0-0 na Jamaica na kufuzu wakiwa na kilomita za mraba 444 na watu 150,000 na kitu. Watu wa Curaçao wangeingia Uwanja wa Mkapa kwa zamu tatu na wakaisha. Wa Cape Verde wanahitaji zamu tisa. Ukitaka kujivunia udogo, siku zote atatokea aliye mdogo zaidi!

3. Uwanja unaokula asilimia kubwa ya taifa

Uwanja wa Taifa wa Praia ulijengwa kwa msaada wa China, kama ulivyojengwa wetu wa Dar es Salaam, na ulifunguliwa mwaka 2014. Unabeba watazamaji 15,000 tu, yaani robo ya Mkapa. Usiucheke. Ukijaa, karibu watu 3 kati ya kila 100 wa nchi nzima wako ndani. Ili Tanzania ifikishe uwiano huo ingehitaji uwanja wa watu milioni 1.8, ambao ni karibu Wazanzibari wote, watoto wachanga wakiwemo.

4. Kupanda ngazi kwa kasi

Aprili 2000, viwango vya FIFA viliiweka Cape Verde nafasi ya 182. Februari 2014 ikawa ya 27. Ngazi 155 kwa miaka isiyotimia 14! Tanzania, katika ubora wake wote, iliwahi kuishia ya 65, na hiyo ilikuwa Februari 1995.

5. Windo zito kuliko yote

Cameroon imecheza fainali nane za Kombe la Dunia, na hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyofika huko. Watu wake wanapita milioni 25, kwa hiyo kwa kila raia mmoja wa Cape Verde wapo Wacameroon zaidi ya 45. Papa wamewang'ata zaidi ya mara moja, na mara mbili jeraha lilikuwa la kulaza.

La kwanza ni la 2012, kwenye kufuzu AFCON ya 2013. Simba Wasiofugika walipigwa 2-0 Praia. Waliporudiana Yaoundé, Samuel Eto'o akiwemo, wakashinda 2-1, ambayo haikutosha, na Cape Verde ikaenda AFCON kwa mara yake ya kwanza. La pili ni la 9 Septemba 2025, bao 1-0 la Livramento, lililowaweka Cameroon pale pa kuombea wengine wateleze. Maombi hayakutosha.

6. Kocha mwenye ajira isiyofanana na ya kocha yeyote

Aliyewaua Cameroon 2012, Lúcio Antunes, alikuwa mwongozaji wa ndege. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuziongoza ndege zinazotua na kuruka, na ili aipeleke timu kwenye AFCON hiyo, Afrika Kusini, alichukua likizo kazini. Likizo ilizaa matunda. Sare ya 0-0 na wenyeji kwenye mechi ya ufunguzi, 1-1 na Morocco, kisha Angola wakachapwa 2-1 kwa bao la Héldon lililofungwa dakika za lala salama. Nchi ya watu nusu milioni ikaingia robo fainali, na hadi leo hakuna yenye watu wachache zaidi iliyowahi kufika hapo. Ghana ndiyo iliyowatoa, 2-0, na Antunes akarudi akiwa shujaa.

7. Jibu lililochelewa kuliko yote

Hii ndiyo ninayoipenda kupita zote.

Roberto Lopes alizaliwa Dublin, mama Muairishi, baba wa Cape Verde. Ni beki wa Shamrock Rovers, na kabla ya hapo alifanya kazi benki. Siku moja akapata ujumbe LinkedIn, ule mtandao wa kutafutia kazi, umeandikwa kwa Kireno. Lopes hakujua Kireno. Akaona ni takataka za matangazo kama zinazotujia sote, akaupita.

Miezi tisa hivi baadaye mtu yule yule akaandika tena, safari hii kwa Kiingereza: je, umelifikiria lile jambo? Lopes akarudi kwenye ujumbe wa zamani, akautia kwenye programu ya kutafsiri, na macho yakamtoka. Mwandishi alikuwa Rui Águas, kocha wa timu ya taifa ya Cape Verde, akimwita kikosini.

Miezi tisa, mimba inatungwa na mtoto anazaliwa! Lopes aliomba radhi, akaitwa mwaka 2019, na akawa nguzo ya ukuta uliowavusha kwenda Kombe la Dunia.

8. Mji wa mbali ulioilisha timu kuliko miji yote

Inakadiriwa wana wa Cape Verde walio nje ni wengi kuliko walio visiwani. Kipimo kizuri ni Rotterdam, bandari ya Uholanzi: Livramento, Garry Rodrigues, Jamiro Monteiro na akina Duarte wawili, Deroy na Laros, wote wamezaliwa huko. Hao ni watano, nusu ya timu ya ndani ukimtoa kipa. Kuna akademi zetu zenye mabango makubwa ambazo hazijatoa hata mmoja.

9. Kosa ghali kuliko yote

Septemba 2013, kufuzu Kombe la Dunia la Brazil. Cape Verde wanakwenda Tunisia, wanashinda 2-0, wanaongoza kundi, wamebakiza mchujo wa mwisho tu. Kisha FIFA wanafungua makabrasha. Beki Fernando Varela alikuwa bado na adhabu ya kadi nyekundu. Ushindi ukafutwa, Tunisia wakapewa 3-0 za mezani. Jina moja kwenye orodha liliwagharimu miaka 12 ya kusubiri.

10. Kutolewa bila kufungwa

AFCON 2015: mechi tatu, sare tatu, kipigo hakuna. DR Congo nao walipata sare tatu, lakini walikuwa na mabao mawili na Cape Verde moja, basi Wakongo wakasonga. AFCON ya 2023 ikawa mbaya zaidi. Waliifunga Ghana 2-1, wakaizima Msumbiji 3-0, wakaipeleka Misri sare ya 2-2, wakaitoa Mauritania. Robo fainali na Afrika Kusini ikaisha 0-0, wakaingia matuta, na Ronwen Williams akadaka manne. Manne! 

11. Waliowahi kuwavua papa

Tuna haki ya kujisifu kidogo. Tarehe 12 Oktoba 2018 Taifa Stars ilichapwa 3-0 Praia. Siku nne baadaye, Dar es Salaam, Simon Msuva na Mbwana Samatta wakarudisha kwa 2-0. Mwezi uliofuata Uganda wakawamalizia 1-0 kule Namboole. Kundi lilipofungwa, Uganda na Tanzania zilikwenda AFCON, Stars ikiwa haijaiona tangu 1980, na Cape Verde ikashika mkia, chini hata ya Lesotho.

Mikia wameizoea. Kundi la kufuzu AFCON ya 2025 nalo walimaliza wa mwisho, nyuma ya Misri, Botswana na Mauritania, na Oktoba 2025 ndio wakafuzu Kombe la Dunia. Mwenye kuelewa mantiki ya hapo anieleze.

12. Umri mkubwa, kazi kubwa

Stopira aliyefunga bao la tatu dhidi ya Eswatini alikuwa na miaka 37. Kipa Vozinha alikuwa na 39. Mwaka aliozaliwa Vozinha, 1986, ndio mwaka Cape Verde ilipojiunga na FIFA, kwa hiyo kipa na uanachama ni marika.

13. Mpinzani mzito kuliko wote wa kuanzia

Droo ya Desemba 2025 iliwatupa kundi H pamoja na Hispania, Uruguay na Saudi Arabia, mechi ya kwanza ikiwa na Hispania, Atlanta, 15 Juni 2026. Ipo kumbukumbu ya kutia moyo. Tarehe 16 Juni 2010, Durban, Hispania iliyokuja kuwa bingwa wa dunia ilifungwa 1-0 na Uswisi. Mfungaji alikuwa Gelson Fernandes, mzaliwa wa Praia. Uwanja wa Atlanta una viti zaidi ya 70,000, na ili Cape Verde iujaze peke yake ingebidi mkazi mmoja kati ya kila saba apande ndege.