Mzee Ojwang', Mkikuyu Aliyetuchekesha kwa Lafudhi ya Kijaluo

Benson Wanjau hakuwa Mjaluo. Jina lenyewe linamtambulisha kuwa Mkikuyu, lakini watazamaji wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, kutoka Runyenjes hadi Maua, walimjua kama Mzee Ojwang' Hatari, na wengi wangeapa kwamba kwao ni Nyanza. Wapo pia walioamini kuwa Mama Kayai, mkewe katika kipindi hicho aliyeigizwa na Mary Khavere, alikuwa mkewe wa ndoa. Kwa mwigizaji, sijui sifa inayopita hiyo.

Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, televisheni ya serikali, Sauti ya Kenya iliyokuja kuitwa KBC, ilikuwa peke yake nchini. Hata baada ya hapo, miaka ilipita kabla ya vituo vingine kufika vijiji vya Meru na Embu. Nyumba zisizo na umeme ziliwasha televisheni kwa betri ya gari iliyopelekwa sokoni kuchajiwa, na moto wake ulitumiwa kwa kubana: taarifa ya habari, kisha Vitimbi. Mtoto mmoja alitolewa nje kuzungusha mlingoti wa antena huku walio ndani wakipaza sauti, "Hapo hapo! Usiguse tena!"

Basi mzee akaingia, shamba limekuwa samba, shida imekuwa sida, akimlaumu mkewe kwa jambo aliloliharibu yeye mwenyewe. Nyumba nzima ilicheka. Na tuliocheka tunajua uchungu wa kuchekwa: Mmeru akifika Nairobi, hajamaliza salamu na tayari kuna anayeiga matamshi yake. Wanjau hakuwa mwigaji wa namna hiyo. Ojwang' wake alikuwa mtu kamili, mwenye ujanja, woga, majivuno na mapenzi kwa mkewe. Ukimvua ile lafudhi, mzee anabaki. Hicho ndicho kipimo cha mchekeshaji wa lafudhi, na wengi wa leo hawakifikii, kwa sababu wakivuliwa lafudhi hawabaki na kitu.

Baadaye Meru ilipata sauti yake jukwaani. Jasper Muthomi, MC Jessy, alipanda kwenye Churchill Show na kuzungumza kama mtu wa kwao, bila kuomba radhi kwa lafudhi yake. Mwaka 2022 alijitosa kuwania ubunge wa Imenti Kusini, kisha akajiondoa kabla ya kura. Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikwisha kufanyika: kijana wa Nkubu alimwona mtu wa kwao ndiye anayechekesha, si anayechekwa.

Mwisho wa Wanjau unaniuma. Mwaka 2012 Wakenya walilazimika kumchangia fedha za matibabu ya macho, mtu aliyekuwa ameingia sebuleni mwao kwa miongo. Alifariki Julai 12, 2015, akiwa na umri wa miaka 78, akazikwa Lang'ata.

Leo Muuga FM inatangaza kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu. Wasikilizaji wapo, na vijana wenye vipaji wamejaa harusini na makanisani, wakichekesha watu kwa chakula cha mchana. Enyi wakuu wa vituo, wapeni saa moja ya mchezo wa redio kila juma, na muwalipe kwa mkataba ulioandikwa. Msingoje hadi wazeeke ndipo mwite harambee.