Ngozi ya Shiling: Kinachoonekana na Kisichoonekana



Leo tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu hapa hukishika kila siku: mkoba. Shiling, katika wilaya ya Huadu kaskazini mwa Guangzhou, ni mji wa ngozi na mikoba, na wafanyabiashara wetu huulizwa swali moja na wateja wa nyumbani: je, hii ni ngozi?

Sifa za kitu ni za namna mbili. Za kimaumbile huzijua bila kukibadili kitu: rangi, uzito, ulaini, harufu. Za kikemikali hazidhihiriki mpaka kitu kigeuke kuwa kingine. Sokoni, macho na mikono yetu hupima zile za kwanza tu, nazo ndizo rahisi kuigwa. Plastiki ya poliurethani hupigwa chapa ya vinyweleo, ikatiwa hata harufu ya ngozi.

Moto haudanganyiki upesi hivyo. Omba ukingo mdogo wa sampuli, uuchome. Ngozi ni protini. Hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha jivu linalopondeka. Plastiki huyeyuka, kisha hubaki tone gumu.

Unyevu nao ni mtihani, ila wa polepole. Poliurethani nyingi za bei nafuu hukatwa minyororo yake na maji yaliyomo hewani, na joto huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana mkoba uliong'aa hapa hubabuka Tanga au Mombasa, hata ukiwa umefungiwa kabatini. Mteja hudhani umemuuzia mtumba! Aliyeuza akijua, akanyamaza, ameficha aibu ya bidhaa.

Ngozi mbichi nayo huoza, na hujikunyata katika maji ya nyuzi 65 hivi. Ikitiwa chumvi za kromiamu, nyuzi zake hushikamana, ikaweza kuvumilia maji yanayokaribia kuchemka. Wazee wetu waliyajua magome ya mikoko, ambayo pwani yetu iliyasafirisha ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo. Mafakihi huiita dibaghi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa huitoharisha ngozi ya mzoga.

Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, ngozi ya nguruwe haitohariki kwa dibaghi, nayo hutumika sana kuwa bitana. Vinyweleo vyake hukaa vitatu vitatu, kwa umbo la pembetatu. Bitana ikisuguliwa, alama hiyo yaweza kuwa ngumu kuonekana. Moto hausaidii hapa, kwani ya ng'ombe na ya nguruwe zote ni protini. Wala usitosheke na neno zhenpi, maana yake ni ngozi halisi tu, bila kutaja mnyama. Uliza kwa jina: niupi ni ya ng'ombe, yangpi ya kondoo au mbuzi, zhupi ya nguruwe. Uliza ya nje, uliza na ya bitana, na jibu liandikwe kwenye risiti.